Taa tatu za bibi: usisugue kwanza, soma

Dada mmoja wa Pangani ameniandikia, nafupisha maneno yake: bibi yao alifariki mwaka jana, nyumba sasa inatengenezwa, na darini wamekuta taa tatu. Moja ni chemli ya bati yenye maandishi Feuerhand 276, chini ya tangi ina kiraka. Ya pili ni karabai, Petromax 829. Ya tatu ni kibakuli kidogo cha shaba, kizito, cheusi tii, kimechongoka upande mmoja. Anauliza ni za miaka gani, zina thamani yoyote au la, azisafishe na nini, na kama zinaweza kuwaka tena usiku wa hitima au zimebaki mapambo tu.

Dada, pole sana kwa bibi, na asante kwa zile picha maana bila picha ningekuwa nabahatisha. Ntajibu yote lakini kabla hujaendelea kusoma naomba uwapigie simu hao vijana wanaosafisha nyumba uwaambie stilwuli na dawa ya kung'arishia shaba waziweke chini kabisa. Taa ya zamani inasomeka, na kile kinachosomeka ndo hicho hicho kinachoondoka ukisugua: herufi nyembamba za kiwandani, mabaki ya rangi, mahali masizi yalipokaa, alama za fundi aliyeitengeneza ilipoharibika. Nimeona taa nyingi sana zimeletwa zinang'aa kama sahani mpya na mwenyewe anauliza ya mwaka gani, sasa utajuaje wakati ushahidi wote umeoshwa kwenye beseni.

Tuanze na kibakuli sababu naona hicho ndo mmekidharau, umekipiga picha moja tu tena ya haraka. Hiyo ni taa ya mafuta ya kula, yaani ya kabla ya mafuta ya taa kuingia majumbani, au ya nyumba iliyoendelea na mambo ya zamani hata baada ya hapo. Kazi yake ni rahisi: unamimina mafuta, unalaza utambi wa pamba iliyosokotwa, ncha yake inatokeza kwenye ule upande uliochongoka, unawasha. Pwani yetu mafuta yalikuwa ya nazi na ya simsim, na hapo kuna jambo watu wengi hawalijui: mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwahiyo usiku wa kipupwe taa ya nazi inasumbua mpaka ipashwe kidogo, wakati simsim inabaki majimaji. Na ukitazama utaona kibakuli ni kifupi, hakina kina. Hiyo sio bahati mbaya. Mafuta ya mimea ni mazito, hayapandi utambi kwa umbali mrefu, kwahiyo mwali lazima ukae karibu kabisa na mafuta, kibakuli kingekuwa kirefu mafuta yakifika nusu tu taa inazimika na mafuta bado yapo. Taa za glasi za kuning'iniza misikitini huko Misri na Sham walilimaliza tatizo hilo kwa njia nyingine, maji chini, mafuta juu yake, na utambi unaelea.

Taa ya namna hii ilikuwa na makao yake ndani ya nyumba. Kama nyumba ya bibi ni ya mawe ya zamani tazama kuta, hasa karibu na milango na penye vitanda, utaona vishubaka vidogo peke yake, sio zile zidaka za kupangia vyombo. Ukikuta kishubaka kimoja dari yake ndogo imeingia weusi usiotoka hata kwa chokaa, hapo palikaa taa. Tafadhali mwambie fundi wa nyumba asikizibe.

Umri wake sasa. Umbo hilo halikubadilika kwa karne nyingi kwahiyo usikubali mtu akikwambia kwa kuangalia umbo tu kwamba ni la miaka 300. Angalia utengenezaji. Geuza kibakuli, pitisha kidole ndani na nje: kama unene haulingani, sehemu nene sehemu nyembamba, na chini kuna vijitobo na mikwaruzo ya tupa isiyo na mpangilio, hicho kimemiminwa kwenye udongo na kumaliziwa kwa mkono. Kama kuna miduara mizuri inayozunguka kutoka katikati, na unene ni mmoja kote, kimepita kwenye mashine. Kwenye picha yako ya pembeni naona ukingo mmoja umezidi mwenzake kwa unene karibu mara mbili, na hilo limenifurahisha sana. Usikisugue. Kifute kwa kitambaa kikavu, ile nyeusi iache, shaba imejitengenezea koti lake yenyewe.

Kutoka kwenye kibakuli mpaka chemli kuna safari ndefu lakini hatua kubwa ni mbili tu na zote zinaonekana kwenye taa ya bibi. Ya kwanza ni hewa. Mswisi mmoja wa Geneva, Aimé Argand, miaka ya 1780 aliufanya utambi uwe mviringo wenye uwazi katikati ili hewa ipite ndani na nje ya mwali, na juu yake ikawekwa bomba la kioo la kuvuta hewa. Mwali uliopata hewa ya kutosha ukawa mweupe, moshi ukapungua. Kioo cha taa unachokiona leo kwenye kila taa ya utambi kina deni kwa huyo mtu, watu wanadhani kioo ni cha kuzuia upepo tu, kumbe kazi yake nyingine ni kuvuta hewa ipande.

Ya pili ni mafuta yenyewe. Abraham Gesner huko Kanada mwaka 1846 alionyesha mafuta mapya mepesi aliyoyakamua kutoka kwenye makaa, na mwaka 1853 mfamasia Ignacy Łukasiewicz, mjini Lwów, alitengeneza taa ya mafuta yaliyosafishwa kutoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini na taa zake zikawashwa hospitalini huko Julai mwaka huo huo. Kisima cha Edwin Drake cha Pennsylvania kikatoa mafuta mwaka 1859 na hapo bei ikaporomoka. Mafuta haya ni mepesi, yanapanda utambi mrefu bila shida, kwahiyo tangi linaweza kukaa chini na mwali juu, na taa nzima ikabadilika sura.

Na yalikujaje huku kwetu na kwingineko kwenye bahari hizi? Yalisafirishwa kwenye madebe ya bati, mawili mawili ndani ya kasha la mbao, kila debe galoni 5 za Kimarekani, kama lita 19 hivi. Ndo debe hilo hilo unalopimia mahindi sokoni leo. Mafuta yalipokwisha debe halikutupwa, likawa ndoo, likawa kipimo, likakatwa likawa paa, na vipande vidogo fundi bati akatengenezea kibatari, au koroboi kama unavyopenda kuita: kikopo, mfuniko wenye kijibomba, utambi wa kitambaa, basi. Naomba kama kuna kibatari mahali popote kwenye nyumba ile msikitupe. Makumbusho na wakusanyaji wamejaza taa za viwandani lakini vibatari, ambavyo ndo vilivyoangaza nyumba nyingi zaidi, vimeokotwa vichache mno kwasababu kila mtu alikiona ni takataka. Kwangu mimi kibatari kizuri kilicholehemiwa kwa ustadi kinapita chemli kumi za kiwandani.

Haya, chemli, wengine mnaita kandili. Itazame vizuri: zile bomba mbili za bati pembeni sio za kushikia kioo tu, ziko wazi ndani. Mmarekani John Irwin ndo alizibuni miaka ya mwisho ya 1860 na kampuni ya Dietz ya New York ikazitengeneza. Mwanzoni hewa ya moto kutoka juu ya kioo ilirudi chini kupitia bomba hizo ikiwa imechanganyika na hewa safi, taa inakaa kwenye upepo lakini mwali ni hafifu kwasababu hewa imeshatumika. Miaka michache baadaye, kwenye miaka ya 1870, akaja na njia nyingine: hewa ya moto inatoka juu kabisa kwa njia yake, na bomba zinaingiza hewa safi peke yake kupitia uwazi ulio chini ya kofia. Mwali ukawa mkubwa na mweupe zaidi. Ya bibi ni ya namna hii ya pili. Upepo ukipiga upande mmoja msukumo unaingia juu na chini kwa pamoja, ndo maana mwali unacheza kidogo tu na hauzimiki, na ndo maana mtu alitoka nayo uani usiku wa mvua akarudi nayo inawaka.

Feuerhand ni kazi ya Hermann Nier wa Beierfeld, kule Saxony, Ujerumani. Baada ya vita ya pili Beierfeld ikabaki upande wa mashariki, familia ikaanza upya upande wa magharibi, Hohenlockstedt kule kaskazini. Sasa chukua tochi na kioo cha kukuzia, tafuta maneno yaliyogongwa kwenye kofia na kwenye tangi. Ukikuta "W. Germany" au "Western Germany" hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1949 sababu nchi yenyewe haikuwepo, na haitazidi 1990 Ujerumani ilipoungana. Namba 276 yenyewe haifiki nyuma mpaka enzi za Mjerumani. Alafu soma kioo: kama kina jina la Schott, watengenezaji wa kioo, na neno Mainz, basi kioo ni cha 1952 au baadaye, maana walifungua kiwanda chao Mainz mwaka huo baada ya kutoka Jena. Kama kinasema Jena peke yake inawezekana ni kioo cha zamani kuliko taa yenyewe, kilihamishwa kutoka taa iliyoharibika, na hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, vioo ndo vilivyokuwa vinavunjika kila mara na watu walihifadhi cha ziada.

Najua utasikitika kidogo, ulitegemea niseme ni ya enzi za Mjerumani. Lakini fikiria hivi. Umeme ulianza kuuzwa Mombasa na Nairobi mwaka 1908, na mwaka huo huo Wajerumani waliweka mitambo Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao. Ukisoma vitabu utadhani hapo ndo giza liliisha. Nguzo hazikuvuka mtaa wa wakubwa kwa miaka mingi sana, kwahiyo "kabla ya umeme" kwa nyumba ya bibi yako ni mpaka siku waya ulipofika mlangoni kwake, na kwa vijiji vingi hiyo siku imefika juzi juzi au bado. Taa ya miaka ya 1960 ni ya kabla ya umeme kihalali kabisa.

Nikiwa hapo hapo niseme kwa wengine wenye chemli za aina nyingine. Dietz iliyoandikwa New York au U.S.A. kwa kawaida ni ya zamani kuliko iliyoandikwa Hong Kong, sababu kazi ilianza kuhamia Hong Kong mwaka 1956. Chalwyn ni ya Uingereza. Prabhat ni ya India, ya kiwanda cha Ogale kule Maharashtra, na usiidharau. Za China ziko nyingi na nyingi ni nakala za Wajerumani, ukitaka kutofautisha shika bati kwa vidole, alafu zungusha lile gurudumu dogo la kupandishia utambi, la Mjerumani linakwenda laini kwa hatua hata baada ya miaka 60.

Sasa kiraka. Umeniuliza kama umtafute fundi akitoe aweke tangi jipya ili taa "irudi ya asili". Hapana dada. Hapana kabisa. Nimeikuza ile picha ya chini, kiraka kina rangi ya njano iliyofifia na herufi tatu zinaonekana, KIM, hilo ni bati la mkebe wa Kimbo, mafuta ya kupikia. Fundi ameligeuza rangi ikae nje ili upande msafi ushike risasi ya kulehemia vizuri, amelehemu ukingo wote bila kuinua chuma, ile risasi imekaa nyembamba na sawa sawa mpaka kwenye kona, na kona amezikata mviringo ili zisinyanyuke. Huyo alikuwa fundi. Hiyo sehemu ina historia kuliko neno Feuerhand lililogongwa juu, taa za Feuerhand zilitengenezwa kwa mamilioni na zote zilitoka kiwandani zinafanana, hii yenu iko moja duniani. Wakusanyaji wa Ulaya wengi wanataka taa isiyoguswa na wataikataa hii, waache waikatae. Ulizia mtaani kwa wazee nani alikuwa fundi bati wakati ule, uandike jina lake kwenye karatasi uiweke pamoja na taa.

Kama kiraka bado kinashika ni rahisi kujua. Weka mafuta ya taa kidogo tu, vijiko vichache, iweke juu ya gazeti kavu usiku kucha nje ya nyumba. Asubuhi gazeti likiwa kavu taa ni nzima. Likiwa na doa, usiiwashe, iwe ya kutazama, au fundi agusie risasi palipovuja tu. Lakini tangi likishawahi kuwa na mafuta lisikaribishwe moto wa gesi hata siku moja, mvuke uliobaki ndani unatosha kulipua, kulehemu kwake ni kwa chuma kilichopashwa pembeni na tangi liwe limeoshwa kwa maji ya sabuni zaidi ya mara moja.

Karabai ni mnyama mwingine. Hii haiwaki kwa utambi, inawaka kwa mvuke. Unapiga pampu, hewa inasukuma mafuta yapande kwenye bomba, bomba linapita karibu na moto kwahiyo mafuta yanageuka mvuke kabla hayajatoka, yanatokea kwenye tundu dogo sana, yanachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya ile soksi nyeupe. Mwanga hautoki kwenye mwali, unatoka kwenye soksi. Hiyo ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, alianza mwaka 1885 na mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliofaulu, asilimia 99 ya oksaidi ya toriamu na 1 ya siriamu, kitambaa kinaloweshwa humo, ukikiunguza mara ya kwanza nyuzi zinateketea na inabaki mifupa ya majivu inayong'aa ikipata joto. Ndo maana soksi iliyokwisha kuwashwa ukiigusa tu inakuwa unga. Max Graetz wa Berlin, wa kampuni ya Ehrich & Graetz, ndo aliyeleta Petromax karibu mwaka 1910. Ile 500 C.P. unayoiona kwenye tangi ni kipimo cha mwanga kwa mishumaa, na tangi la aina hiyo linachukua kama lita moja inayotosha masaa 8 hivi. Chemli kwa kulinganisha tangi lake ni mililita 340 na inakwenda zaidi ya masaa 20, kwahiyo unaona mwenyewe kwanini karabai ilitoka siku ya harusi, maulidi na msiba, na siku nyingine zote chemli ndo ilikaa mezani. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Tanganyika nao waliishi kwa karabai usiku, dagaa wanafuata mwanga.

Yako sitaki uiwashe mwenyewe, nasema wazi. Nimeona kwenye picha geji ya presha kioo kimepasuka na skrubu ya kutolea hewa imekaa upande. Karabai lenye presha ambayo huwezi kuisoma wala kuitoa ni hatari. Mtafute fundi aliyezoea karabai, sehemu wanazovua dagaa bado wapo, afungue vitu vitatu: ngozi ya pampu, ambayo itakuwa imekauka na haishiki hewa, mara nyingi inarudi uhai ikilowekwa kwenye mafuta usiku mmoja bila kununua mpya, ile pini ya ndani inayozibua tundu, na mpira wa mfuniko. Ikishapona, kuiwasha kunaanza na spiriti kwenye kikombe kidogo kupasha bomba mpaka spiriti inakaribia kuisha, ndo upampu. Watu wenye haraka wanapampu kabla bomba halijapata moto, mafuta yanatoka majimaji badala ya mvuke na moto mkubwa wa njano unapanda mpaka kwenye dari. Na ifanyike nje.

Kuhusu soksi, kama kuna ya zamani imebaki ndani ya taa, usiipulize kwa mdomo. Toriamu ina mnururisho, ni mdogo na haudhuru ukiwa nje ya mwili, shida ni kuvuta lile vumbi. Lowesha kidogo kwa maji, ifute na karatasi, ifunge kwenye mfuko, osha mikono. Soksi nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa itriamu badala yake, unaweza kuuliza dukani.

Kusafisha chemli sasa. Vumbi kwa brashi ya nywele laini, brashi kuukuu ya rangi inatosha. Kutu inayomeguka ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, usifute mpaka bati jeupe, simama kutu ikiacha kutoka kwenye kitambaa. Siki na limao usiweke kwenye bati, bati hizo zimepakwa koti jembamba la madini ya kuzuia kutu na tindikali inalila. Usipake rangi ya dawa, ya fedha wala ya dhahabu, najua inauzwa na inapendeza kwa wiki mbili. Ndani ya tangi mafuta ya miaka mingi yanaacha utando wa gundi ya kahawia, huo mimina spiriti, tikisa, acha saa moja, mwaga, rudia mpaka itoke safi, alafu liache wazi juani likauke kabisa, maana tone la maji likiingia kwenye utambi taa inatatarika na kuzimika. Kioo kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke chenyewe, usirudishe kikiwa na unyevu ukawasha, kitapasuka.

Utambi nunua mpya wa pamba, upana sawa na ule wa zamani, uwe unapita kwenye mdomo bila kubanwa. Ukate kwa mkasi mkali, mstari ulionyooka, alafu kata vincha vya kona mbili kidogo sana, bila hivyo mwali unatoa pembe na pembe ndo inayochafua kioo. Jaza tangi lisifike juu, mafuta yakipata joto yanapanuka. Subiri nusu saa utambi unywe mpaka juu. Washa chini, dakika kadhaa kioo kizoee, ndo upandishe, na usipandishe kupita pale mwali unapoanza kuchongoka. Watu wengi wanapandisha utambi wakitaka mwanga zaidi na wanachopata ni masizi.

Mafuta ni ya taa peke yake, nunua mahali unapopaamini. Petroli hata kikombe kimoja ikichanganyika kwenye lita nyingi inafanya mvuke uwake kwa joto la kawaida la chumbani, na taa inalipuka mkononi. Mafuta ya taa safi yanahitaji kufika nyuzi 38 au zaidi ndo mvuke wake uanze kushika moto. Na usihifadhi kwenye chupa ya soda, watoto wanakunywa, naomba hilo mlichukulie kwa uzito wakati wa hitima watoto watakuwa wengi.

Kwa usiku wa hitima basi: chemli ikipita mtihani wa gazeti, iwashe, barazani, au ndani kwa muda na madirisha wazi. Usiku mmoja wa kumkumbuka bibi hauna neno. Kila siku hapana, Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri mafuta ya taa yasitumike majumbani kwasababu ya moshi wake, na bibi zetu hawakuwa na hiari hiyo, sisi tunayo. Kibakuli nacho unaweza kukiwasha kwa simsim na utambi wa pamba, hakitaharibika, weka juu ya sahani yenye mchanga.

La mwisho ni thamani. Kwa pesa, chemli 276 ni bei ndogo popote duniani, ziko nyingi. Karabai ikiwa na sehemu zake zote za Mjerumani ina wateja, na kama ndugu zako wanasisitiza lazima kitu kiuzwe basi iuzwe hiyo. Kibakuli msimuonyeshe mtu wa duka la watalii kabla hakijaonwa na mtu wa makumbusho, kipigie picha ukiweka rula karibu nacho, pembeni, juu, chini na ndani, tuma hata Makumbusho ya Taifa uwaulize. Akija mtu akakwambia vya aina hiyo viko tele dukani kwake, ni kweli viko, vingi vinatoka India, Moradabad wanafanya kazi nzuri sana ya shaba na taa za meli zenye kibao cha mwaka wa zamani zinatoka huko huko zikiwa mpya. Utazijua: shaba nyembamba ya unene mmoja, weusi wa dawa uliokaa hadi mahali ambapo mkono ungeugusa kila siku, na mdomoni hamna hata chembe ya masizi. Chako mdomoni kimelika upande wa kulia, hapo ndo walipokuwa wanausogeza utambi kwa kijiti, na duka haliwezi kukuuzia hiyo.

Nitumie picha ya kofia ya chemli kwa karibu na ya maandishi ya kioo, ukishazipata ntakwambia muongo wake.